Moshi wa Mti Usio na Mwenyewe

Mbuta wa kwanza niliyemwona akiwekwa juu ya moshi aliwaka. Ilikuwa Port Victoria, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyuma ya nyumba ya Senge, dada yake baba. Samaki mwenyewe alikuwa mkubwa hata wanaume wawili walimbeba kwa mti uliopitishwa kwenye matamvua, mkia ukiburuta mchangani. Alikatwa kwa panga, vipande vikapangwa juu ya wavu wa waya vile vile walivyopangwa kamongo na ngege siku zote. Mafuta yakaanza kudondoka. Makaa yaliyokuwa yametulia yakaruka ghafla, moto ukashika wavu mzima, na Senge akamwaga karai la maji huku akitufukuza sisi watoto kwa kelele. Vipande vilitoka vyeusi nje, vibichi ndani, jivu limegandamana kwenye ngozi. Mvuvi mmoja aliyesimama pale akitafuna muwa alisema samaki huyu ni wa Wazungu, basi akapikwe na Wazungu. Tulicheka sana. Hakujua kwamba anatabiri.

Mimi ni mwalimu mstaafu na siku hizi naishi Kisumu. Watu wa rika langu kutoka kwetu tukikutana, mazungumzo yakigusa samaki wa moshi, kila mtu anageuka mtaalamu. Huyu atakuapia kwamba kamongo wa moshi wa mpera hana mfano duniani. Yule atasema mama yake hakukubali kuni nyingine kabisa, alikuwa mwanamke wa kuchagua. Kuhusu ladha nakubaliana nao. Kuhusu huko kuchagua, nina maneno.

Port Victoria iko Bunyala, kaunti ya Busia, karibu na pale mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria. Jina lake kubwa lilitokana na ndoto ya reli. Wapimaji wa Kiingereza walioongozwa na Macdonald walikuja mwaka 1892 kutafuta njia ya reli kutoka Mombasa, na mstari wao uliishia huku kwetu, kwenye ghuba ya Berkeley. Baadaye njia ikabadilishwa, reli ikateremkia ghuba ya Winam, na Desemba 1901 ikafika mahali palipoitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Kisumu ikapata stesheni, gati na meli. Sisi tukabaki na jina. Barabara yetu ilikuwa ya udongo unaonasa gari mvua ikinyesha, na barafu tuliisikia tu kwa waliosafiri. Kwa hiyo samaki wa Bunyala ambaye hakuliwa siku aliyovuliwa alikuwa na njia mbili, jua au moshi. Wadogo, yaani fulu na omena, walianikwa juani. Wenye nyama nene, yaani kamongo, mumi na seu, pamoja na ningu wachache waliokuwa bado wakipanda mto mvua zikianza, walibanikwa. Samaki aliyebanikwa sawasawa alikwenda Mumias au Busia kwa baiskeli, akauzwa, akaning'inizwa juu ya jiko la mtu, na wiki nzima baadaye bado alikuwa kitoweo.

Tanuri la Senge halikuwa kitu cha ajabu. Ukuta wa udongo wa mviringo uliofika mapajani, tundu chini upande wa ziwa ili upepo wa mchana uingie, wavu juu. Aliwasha moto mkali wa matawi makavu, akauacha ufe uwe makaa. Hapo ndipo kuni zenyewe zilipoingia, nene, zenye unyevu kidogo, ili zifuke bila kuwaka. Samaki akafunikwa gunia kuukuu lililoloweshwa, na juu ya gunia bati lililotoboka. Kazi iliyobaki ilikuwa ya macho na pua. Moshi mweupe mwepesi, alikaa kitako akasuka mkeka wake. Moshi wa manjano, mzito, alinyanyuka mbio akafunua bati, kwa sababu huo unaacha uchungu ambao hata ndimu haiutoi. Aliwageuza samaki kwa vidole, mmoja mmoja, maana koleo huchana ngozi. Kumpima kamongo alimbonyeza kwa kidole gumba nyuma ya kichwa, pale nyama inapokutana na uti wa mgongo. Nyama ikirudi juu, bado kuna maji. Ikibaki na bonde la kidole, amekauka, kilichobaki ni rangi tu. Rangi aliimalizia kwa magunzi ya mahindi, akiyatupia mawili matatu kwenye makaa, na kamongo akatoka anang'aa kana kwamba amepakwa samli.

Kuhusu kuni alikuwa na sheria zake, na alizitoa wakati wa kututuma. Mtupa, ule wa ua wenye maziwa meupe, usiuguse hata ukiwa mkavu, utatupofusha sote. Mkaratusi unamtia samaki harufu ya dawa ya mafua. Mkuyu ni mwepesi, unageuka jivu kabla maji hayajatoka kwenye nyama, na isitoshe wazee hawapendi ukatwe. Mparachichi nao mwepesi vivyo hivyo. Mkwaju una makaa makali mno, huo wa kuchemshia maharagwe. Mwembe unafaa, lakini uwe umekaa msimu mzima mpaka gome libanduke lenyewe.

Nilimuuliza mwembe una nini. Akamwita binti wa jirani, akanionyesha mkono wake: malengelenge kuanzia kifundo hadi kiwiko. Alikuwa amebeba matawi mabichi ya mwembe begani kutwa. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, nilisoma kwamba mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, kwamba utomvu wa miti hiyo huunguza ngozi, na kwamba moshi wa kuni zake mbichi huwasha macho na koo. Senge hakuwa amesoma. Alikuwa amekohoa.

Na juu ya miti yote hiyo alikuwa na mpera. Mti wa mpera ni mgumu kuliko unavyoonekana. Shina halinenepi, gome linabanduka vipande vyembamba na kuacha ngozi laini ya rangi ya shaba, na panga butu linaruka likiugusa. Ukiuweka kwenye makaa haupigi cheche. Unajikunja, unatoa povu kidogo mwishoni, kisha unafuka taratibu saa baada ya saa kwa harufu tamu iliyo karibu na harufu ya tunda lenyewe lakini si hiyo hasa.

Wenye elimu ya mambo haya wanaeleza kwamba harufu ya moshi hutoka hasa kwenye lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti. Ikiungua polepole hutoa fenoli, ambazo ndizo zinazonukia, na ndizo pia zinazozuia vijidudu na kuchelewesha mafuta ya samaki kuchacha. Sehemu nyingine za mti hutoa vitu vinavyotia rangi ya hudhurungi. Moto ukiwaka kwa ndimi, hayo yote yanateketea, linabaki joto na masizi. Miti ya matunda kwa kawaida ni migumu na haina lami ya misonobari, ndiyo maana watu wa pande nyingi za dunia wameikimbilia. Mpwa wangu aliye Marekani ananiambia huko vipande vya mti wa tofaa vinauzwa dukani ndani ya mifuko, kama njugu, kwa ajili ya kufukizia nyama ya nguruwe. Na hapa jirani, ukipanda tu kwenda Nandi, kina mama wa Kikalenjin wanasugua vibuyu vya maziwa ya mursik kwa makaa ya senetwet, hawachukui mti wowote tu. Kwa hiyo Senge hakuwa peke yake.

Sasa hiyo habari ya kuchagua.

Wakati ule kwetu, kama kwa Waluhya wengi, mti ulikuwa mali ya mwanamume aliyeupanda, na baada yake ya wanawe. Mwanamke hakupanda mti. Aliambiwa akipanda atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Nyuma ya tishio hilo palikuwa na hesabu ya kawaida tu: anayepanda mti kesho atadai ardhi iliyo chini yake. Mke alichuma matunda, akaokota tawi lililoanguka lenyewe, lakini shoka lilikuwa la mwenye boma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa mradi wa kuni chini ya Wizara ya Nishati walizunguka vijiji vya Kakamega wakakuta jambo lililowashangaza wao, si sisi: maboma yamejaa miti, na akina mama wa maboma hayo hayo wanatembea mbali kutafuta kuni. Dawa waliyoipata ilikuwa ya kijanja. Walihimiza vichaka vya kaliandra na sesbania, ambavyo wazee hawakuvihesabu kuwa miti, na kwa hiyo mwanamke angeweza kuvikata bila kesi.

Sisi Bunyala tulikuwa na kichaka chetu tayari, bila mradi. Hakuna mtu aliyepanda mpera. Watoto walikula mapera wakaenda haja nyuma ya migomba. Ndege walikula, wakatua kwenye ua. Mpera ukaota mpakani, kando ya njia, juu ya kichuguu, kwenye makaburi, pasipo mkono wa mtu. Sikuwahi kusikia mzee akisimama barazani kudai mpera. Na Senge alikuwa mwanamke aliyeolewa, akaachika, akarudi kwa kaka yake na watoto na sufuria zake. Hakuwa na shamba wala shoka. Katika miti yote migumu ya boma lile, mpera ndio pekee alioweza kuukata asubuhi bila kumwamkia mtu kwanza. Mpera nao una wema wake: ukatwe matawi, unachipua, na mwaka unaofuata uko pale pale.

Ndivyo ladha ile ilivyozaliwa. Akina Senge hawakuketi chini wakaonja moshi wa miti saba ndipo wakaupa mpera cheti. Walishika mti waliouweza, wakaujua, wakaujua zaidi, wakajua ukatwe lini na ukauke kiasi gani, mpaka wanunuzi wa Busia wakawa wananusa samaki kabla ya kuuliza bei. Mnayoisifu kama ladha ya asili ilianzia kwenye sheria ya boma. Nikiyasema haya mbele ya wazee wenzangu wa kiume hawapendi, lakini hawajanipa jibu.

Halafu mbuta akazidi.

Aliletwa ziwani na watu wa idara za uvuvi za wakoloni katika miaka ya 1950, upande wa Uganda, na kwa muda mrefu alikuwa samaki wa kusimuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akiwamaliza fulu, mamia ya aina zao, na nyavu za upande wa Kenya zikaanza kupanda na mbuta mmoja mahali palipokuwa na ngege hamsini. Samaki waliovuliwa upande wetu wa ziwa walikuwa kama tani 30,000 au pungufu kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya miaka kumi kwisha walikuwa wamepita tani 100,000. Fulu angeanikwa juani akawa mkavu siku mbili tatu. Mbuta, kwa mafuta yake, jua linamchachisha. Ilikuwa lazima akaangwe au abanikwe, na vyote viwili ni kuni.

Senge alimshinda mbuta baada ya kuunguza vya kutosha. Alijifunza kumkata vipande vyembamba kwa urefu, kumtia chumvi usiku kucha, na kuanza na makaa machache mno, wavu ukiwa umeinuliwa kwa matofali, sufuria zimetegwa chini kukinga mafuta. Mafuta hayo yalikaanga mandazi yetu mwaka mzima, na shati langu la shule lilinuka samaki kiasi kwamba mwalimu wa hesabu alinihamishia dirishani. Baada ya mafuta kutoka ndipo moshi wenyewe ukaanza, siku mbili na usiku wake. Kamongo aliridhika na kifungu kimoja cha mpera. Mbuta alimaliza kichaka.

Na wabanikaji hawakuwa tena Senge na jirani zake. Ufuo wetu wa Marenga ulijaa matanuri mapya, wanawake wakaja kutoka mbali wakapanga vyumba, na wanaume ambao zamani wangeona aibu kugusa karai la samaki wakawa na matanuri ya kukodisha. Hapo ndipo mpera ulipopata mwenyewe. Baba alifunga vipande vya katani kwenye mipera yote ya mpakani, mwenye ardhi ya upande wa pili akafanya vivyo hivyo, na tukaanza kusikia kitu kipya: mpera unauzwa, tena kwa shina. Aliyenunua shina hakukata matawi akaacha lichipue. Alikata hadi chini, kisha akarudi na jembe kung'oa kisiki, maana kisiki cha mpera ni kuni bora kuliko mti. Ndege waliendelea kupanda. Hawakuwahi kukimbizana na mashoka yale.

Mwaka 1984 mvua ilikosekana nchi nzima, tukala mahindi ya manjano ya msaada, na samaki ndiye aliyekuwa fedha. Mipera ilikuwa imekwisha. Baba akauza mwembe. Haukuwa mwembe wa hivi hivi. Babu aliupanda mbele ya nyumba, na chini yake ndipo tulipofanyia matanga yake. Niliwasikia Senge na Baba jioni ile, mmoja kaketi, mwingine kasimama mlangoni.

"Ndugu yangu, mti huo Baba aliupanda kwa mkono wake."

"Na mimi ni mwanawe. Wewe uliolewa."

"Niliolewa, nikarudi."

"Ulirudi na sufuria. Hukurudi na miti."

Senge alinyamaza kidogo, kisha akasema neno la biashara, hakusema la ukoo. Kama ni kuuza, aliuliza, kwa nini asimuuzie yeye, akalipa kidogo kidogo? Baba alisema mnunuzi ameleta fedha zote. Mnunuzi alikuwa mtu wa kuja, mwenye lori. Msumeno ulifika kesho yake, na kwa kuwa mtu huyo alikuwa na samaki wanaooza, hakungoja msimu wala gome kubanduka. Kuni zile ziliingia tanurini zikiwa bado zinatoka maji. Moshi uliokuja ufuoni wiki ile uliwavimbisha watu kope, na wanawake wa safu nzima ya matanuri walikaa na khanga zimefungwa usoni wakilaani mwembe wa watu. Senge alinunua magogo mawili kwa mtu yule, kwa bei ya soko, akayaweka nyuma ya nyumba. Yalikaa pale mpaka gome likaanguka. Sijui kama Baba aliyaona. Alipita hapo kila siku.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Katikati ya miaka ya 1980 viwanda vya kuchuna minofu vilikuwa vimefunguliwa Kisumu, malori ya barafu yakaanza kufika ufuoni, na mawakala wakawapa wavuvi nyavu na injini kwa mkopo ili mbuta wasiende kwingine. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Yule mvuvi wa muwa alikuwa amesema kweli. Kwetu ulirudi mgongo wazi: kichwa, uti na mkia, na nyama kidogo iliyokosewa na kisu cha kiwandani. Watu wa nje wakija kuuona waliukunjia pua, filamu zikatengenezwa. Mimi nimeula, na kichwa cha mbuta kikipikwa na mwenye kujua ni chakula cha heshima. Ila hakina haja ya mpera. Mgongo wazi unatumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka, na mafuta yanayochemka hayaulizi kuni ni za mti gani. Mkaratusi ulioletwa kwa lori kutoka nyanda za juu ulitosha, na mabaki ya kiwanda cha mbao yalitosha. Yote ambayo Senge aliyajua kuhusu gome, unyevu na rangi ya moshi yalikosa kazi ndani ya miaka michache. Hakuna aliyeyasahau. Ni samaki wa kuyastahili aliyeondoka.

Nimesoma makala yanayowalaumu akina mama wa ufuoni kwa kumaliza miti ya ziwa. Miti ilikwisha, sibishi. Ningependa tu waandishi hao waandike pia ni nani aliyepokea fedha za kila shina.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Haikuwa mara ya kwanza katika miaka michache. Kabla ya hapo ilikuwa kipindupindu. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya mwaka. Viwanda vikapunguza watu, wavuvi wakalia, na mbuta mzima mzima, mwenye minofu yake, akaonekana tena kwenye masoko yetu kwa bei ya kumudu. Nilikwenda nyumbani likizo nikamkuta Senge amefukua tanuri. Alikuwa mzee, macho yamefifia kwa ukungu ambao daktari aliuhusisha na miaka ya moshi, na alikuwa akiwaelekeza wakwe zake kwa kunusa. Wavu mpya, gunia, bati, sufuria za kukingia mafuta, vyote vilikuwepo. Alituma watoto kuni za mpera. Walirudi na vijiti vya unene wa kidole, walivyookota kwenye tuta la mto. Akatumia mkaratusi. Wanunuzi wa Busia walikuja, wakanyanyua kipande, wakanusa, wakakirudisha. Mmoja alinunua kwa huruma, akasema ni kwa ajili ya mama yake mgonjwa wa mafua, na hata Senge alicheka.

Siombolezi kila kitu. Moshi huo huo unaonukia una vitu vinavyodhuru mapafu, na masizi ya moto wazi kwenye mafuta ya samaki si chakula. Matanuri yaliyoboreshwa, yale yanayotenganisha moto na samaki na kukinga mafuta pembeni, yanatumia kuni kidogo na yanamwacha mama akiwa na macho yake. Senge angeyapenda. Angeuliza yanakubali mpera au la.

Sasa Marenga ni ufuo mwingine. Mbuta amepungua na kuwa mdogo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likavuka hata kimo cha miaka ya 1960, na pale palipokuwa na matanuri ya zamani mitumbwi ilipita. Kamongo naye ana bei. Mmoja wa wakwe wa Senge anambanika na kumtuma Nairobi kwa basi, oda zikiingia kwa simu na malipo kwa M-Pesa, na wateja wake, wengi wao watoto wa watu wa rika langu, wanataka moshi wa mpera na wako tayari kuuongezea pesa. Kwa miaka kadhaa amekataza mtu yeyote kufyeka miche inayojiotea kando ya ua wake. Sasa ni mipera ya kimo cha mtu na zaidi. Mwaka jana alianza kukata matawi.

Shemeji yake, mkubwa wa boma, alikuja na fimbo akakagua ua mzima.

"Hii mipera nani aliipanda?"

"Ndege, shemeji."

Alizunguka mara ya pili, akashika shina moja kupima unene wake, akauliza kifungu cha matawi kinauzwa bei gani. Wiki iliyofuata mipera mitano ilikuwa imefungwa vipande vya kamba. Kesi iko kwa mzee wa kijiji, na mimi nimeitwa niende kushuhudia kwamba katika boma lile, tangu nipate akili, sijaona mwanamume akipanda mpera.